Kadi mpya ya michoro, gemu bado linakwama: tafuta hapa kabla ya kuirudisha dukani

Umeweka kadi mpya, umefunga boksi, umewasha kompyuta huku moyo ukidunda. Gemu linafunguka, na hesabu ya fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) pale pembeni inasoma ileile ya jana. Wakati mwingine inasoma pungufu. Roho inauma, na mawazo yanayokuja haraka ni mawili: nimeuziwa kadi mbovu, au nifute Windows nianze upya. Nakuomba uyaweke yote mawili kando kwa saa chache. Mara nyingi kadi ni nzima, na tatizo liko kwenye kitu kilichokuwa ndani ya boksi siku zote ila hakikuwahi kuonekana, kwa sababu kadi ya zamani ilikuwa dhaifu kuliko chenyewe.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe: macho kwanza, vipimo baadaye, kisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi), BIOS (mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijawaka) na gemu lenyewe. Sharti ni moja. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uhamie kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na gemu likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Likizidi kuugua, hutajua umeharibu wapi.

Kwanza elewa nani anamsubiri nani

Kila fremu unayoiona imepita mikono miwili. Prosesa huamua kinachotokea: adui yuko wapi, risasi imegonga nini, mlango umefunguka au bado. Kisha huandaa orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ya michoro huipokea orodha hiyo na kuchora. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Kwa fremu 144, muda huo unashuka hadi milisekunde 6.9.

Sasa chukua prosesa inayohitaji milisekunde 15 kuandaa orodha. Haitavuka fremu 66 hivi kwa sekunde, hata ukiifungia kadi yenye nguvu kuliko zote duniani. Kadi itachora kwa milisekunde 5, halafu itakaa bure milisekunde 10 ikingoja orodha inayofuata. Ukiielewa picha hii umeshaelewa nusu ya kazi, maana karibu kila jaribio lililo hapa chini linajibu swali hilohilo: ni nani anayemchelewesha mwenzake?

Hatua ya 1: Tazama kwa macho

Anza nyuma ya boksi. Kebo ya monita imechomekwa wapi? Matundu ya HDMI na DisplayPort yaliyo jirani na USB na spika ni ya ubao mama. Ya kadi yako yapo chini zaidi, yamejipanga kwenye bamba la chuma la kadi yenyewe. Kebo ikiwa juu, kwenye ubao mama, huenda picha yote inachorwa na kionyeshi kidogo kilichomo ndani ya prosesa, na kadi uliyoinunua imelala. Usione aibu kuangalia. Mafundi wazoefu wamekosea hapa, hasa wanaporudisha kebo kwa kupapasa gizani nyuma ya meza.

Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli utoke mwilini, na ufungue.

Angalia umeme wa kadi. Sloti ya ubao mama hutoa hadi wati 75. Kichomeo cha pini 6 huongeza wati 75, cha pini 8 wati 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 inataka yote mawili yajazwe, na kwa kadi inayokula umeme mwingi ni vyema kila tundu lipate kebo yake kutoka kwenye pawa saplai, badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Kadi mpya zenye kichomeo kimoja cha pini 16, kile kinachoweza kubeba hadi wati 600, zinahitaji uangalifu zaidi: sukuma hadi kizame kabisa, pasibaki mwanya, na waya usikunjwe papo hapo kwenye shingo. Kichomeo kilichoingia nusu huweza kupata moto na kuyeyuka. Pia usiazime kebo kutoka kwenye pawa saplai ya aina nyingine. Vichwa hufanana, lakini upande wa pili pini zinaweza kupangwa tofauti, na hapo unaunguza vitu.

Sasa sloti. Kadi ikae kwenye sloti ndefu ya juu, iliyo karibu na prosesa. Kwenye ubao mama mwingi sloti ndefu ya pili ni ndefu kwa umbo tu. Ndani yake kuna njia 4 za data badala ya 16.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotezea siku mbili za maisha yangu. Mdogo wangu alibadilisha kadi, na gemu lililokuwa linaenda vizuri likaanza kukwama kila alipogeuza kamera. Tulifuta draiva mara tatu. Tukaweka Windows upya. Usiku wa pili nikamulika ndani ya boksi kwa tochi ya simu, nikainama usawa wa sloti, nikaona mstari mwembamba wa dhahabu upande wa mwisho wa kadi, ule ulio mbali na bamba la nyuma. Ile dhahabu ilipaswa kuwa imezama yote. Lachi ndogo ya plastiki mwishoni mwa sloti ilikuwa bado wazi. Kadi ilikuwa nzito, skrubu zilikazwa kabla haijakaa sawa, ikabaki imeinuka upande mmoja. Nililegeza skrubu, nikaisukuma kwa vidole viwili, ikalia *tik*, lachi ikajifunga. Gemu likatulia usiku uleule.

Kilichotokea kinaelezeka. Njia za data za sloti huhesabiwa kuanzia upande wa bamba la nyuma. Kadi ikiinuka upande wa lachi, njia za mwishoni hukosa mguso, na kompyuta haigomi kuwaka: inakubaliana na kadi kutumia njia chache zilizobaki. Kila kitu kinaonekana kizima, ila barabara ya magari kumi na sita imebaki na manne.

Unaweza kuthibitisha bila tochi. Pakua GPU-Z, programu ya bure ya TechPowerUp, uangalie mstari ulioandikwa Bus Interface. Utaona kitu kama *PCIe x16 4.0 @ x16 1.1*. PCIe ni aina ya sloti ya kadi, x16 ni idadi ya njia, na 4.0 ni kizazi chake. Sehemu ya kwanza ni uwezo wa kadi, sehemu baada ya alama ya @ ni hali ya sasa. Usishtuke ukiona 1.1, kwa sababu kadi ikipumzika hujishusha kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni yake, anzisha jaribio dogo la kuchora, kisha usome tena. Kadi ya x16 ikibaki x4 au x1 wakati wa kazi, rudi kwenye sloti. Kama imekaa vizuri, soma kitabu cha ubao mama: kwenye baadhi ya mbao, kuchomeka diski ya M.2 kwenye tundu fulani hunyang'anya sloti ya kadi nusu ya njia zake.

Jua pia kadi yako ilivyoundwa. RTX 4060 ya NVIDIA na RX 6600 ya AMD zina njia 8 tu tangu kiwandani, na RX 6500 XT ina 4. Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa sekunde, ya 4.0 karibu gigabaiti 2. Kwa hiyo RX 6500 XT kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inabaki na gigabaiti 4 hivi kwa sekunde, na upungufu huo huonekana waziwazi kwenye magemu mazito. Hiyo si hitilafu ya kurekebisha. Ni jambo la kujua kabla ya kununua, na ukishanunua, ni sababu ya kushusha tekscha, yaani picha zinazovalishwa kuta, nguo na ardhi ndani ya gemu.

Hatua ya 2: Pima kabla hujagusa chochote kingine

Weka MSI Afterburner pamoja na mwenzake RivaTuner Statistics Server, vinakuja pamoja. Ziambie zionyeshe juu ya gemu: idadi ya fremu, muda wa fremu kama grafu, matumizi ya kadi kwa asilimia, joto lake, kumbukumbu yake iliyotumika, na matumizi ya kila kiini cha prosesa peke yake. Hilo la kila kiini usiliache. Prosesa ya viini 8 inaweza kusoma asilimia 30 kwa jumla na bado ndiyo imekukaba koo, kwa sababu magemu mengi huweka kazi kubwa kwenye kiini kimoja au viwili. Kiini kimoja kikiwa juu ya asilimia 90 na vingine vimelala, jumla itakudanganya kuwa prosesa ina nafasi tele.

Chagua mahali pamoja ndani ya gemu, sokoni penye watu wengi au kwenye vita, na upite njia ileile kwa dakika tatu. Gemu kama Cyberpunk 2077 lina jaribio lake la ndani. Litumie, maana hurudia kitu kilekile kila mara. Andika namba kwenye karatasi.

Sasa soma. Matumizi ya kadi yakikaa asilimia 95 kwenda juu, kadi inafanya kazi yote inayoweza. Kama fremu bado ni chache, ama mipangilio ni mizito mno kwake, ama kuna kitu kinaibana. Matumizi yakiwa 50 au 60, kadi inangoja mtu.

Ukibaki na shaka, kuna jaribio linalokata mzizi wa fitina. Cheza pale pale kwa resolusheni (idadi ya nukta za picha) yako ya kawaida, kisha shusha hadi 1280 kwa 720 ukiacha mengine yote yalivyo. Idadi ya fremu ikipaa, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Ikibaki palepale, umemkamata mchelewaji: ni prosesa au RAM. Au kuna kikomo kimewekwa mahali.

Hatua ya 3: Ondoa vikomo vilivyosahaulika

Naanza na kikomo kwa sababu kukitafuta ni kazi ya dakika tano. Dalili yake ni namba iliyotulia mno: 60 kamili, 30 kamili, 120 kamili, grafu imenyooka kama uzi. Prosesa iliyochoka haifanyi hivyo, huyumba.

Kikomo hukaa sehemu nne. V-Sync ndani ya gemu, inayozifunga fremu kwenye kasi ya monita. Kikomo cha fremu ndani ya gemu. Kikomo kwenye programu ya draiva ya NVIDIA au AMD. Na RivaTuner yenyewe, ambayo huenda uliiwekea fremu 60 miaka miwili iliyopita ili kadi ya zamani isipige kelele, na haikusahau.

Tazama na monita. Ukibadilisha kadi au tundu, Windows huweza kurudisha monita ya hezi 144 (mara inazoonyesha picha upya kwa sekunde) kwenye hezi 60 bila kukuambia. Nenda Settings, kisha System, Display, Advanced display, na uchague namba ya juu kabisa. Kama namba hiyo haipo kwenye orodha, shuku kebo. HDMI 1.4 kwa picha ya 4K huishia hezi 30, na hapo hata kishale cha mausi huonekana kizito. DisplayPort ndiyo chaguo langu la kwanza monita inapokuwa nayo.

Hatua ya 4: Prosesa na RAM

Kama jaribio la resolusheni limeonyesha prosesa, usikimbilie kununua nyingine. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, kisha Memory, na usome kasi ya RAM. RAM ya DDR4 iliyouzwa kama 3200 mara nyingi huamka ikiwa 2133 au 2400 hadi uiambie vinginevyo. Ya DDR5 huamka 4800 hivi. Kasi iliyoandikwa kwenye pakiti hupatikana kwa kuwasha XMP ndani ya BIOS, au EXPO kwa mbao za AMD za DDR5. Wengi waliwahi kuiwasha, kisha ikazimika walipopandisha toleo la BIOS au walipotoa betri ya ubao mama wakati wa kuhangaika na kadi mpya. Kurudishia hugharimu dakika mbili, na kwenye magemu yanayobanwa na prosesa tofauti utaihisi, hasa kwenye kukwama kwa ghafla.

RAM iwe vipande viwili, vikae kwenye sloti sahihi. Kwenye mbao zenye sloti nne, kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja peke yake, au viwili kwenye njia moja, hukata nusu ya upana wa data unaoifikia prosesa.

Halafu joto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, cheza dakika ishirini, na usome kiwango cha juu. Prosesa ikigusa nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Hili huja na kadi mpya kwa njia ambayo watu hawaifikirii: kadi ya zamani ilimwaga wati 120 ndani ya boksi, hii mpya inamwaga 250, na hewa hiyo ya moto ndiyo inayovutwa na feni ya prosesa. Jaribu kucheza boksi likiwa wazi ubavuni. Fremu zikipanda na joto likishuka, unahitaji feni za kuingiza na kutoa hewa, au kusafisha vumbi, au kupaka upya dawa ya joto iliyokauka.

Programu za nyuma nazipita haraka: funga kivinjari chenye video, programu inayorekodi skrini muda wote, na picha za mezani zinazocheza. Mpango wa umeme wa Windows uwe Balanced au High performance. Ule wa kuokoa umeme huikaba prosesa kweli.

Ikiwa yote hayo ni mazima na prosesa bado ndiyo inayobana, kuna habari njema ambayo wengi hawaitumii. Kadi yako imekaa bure, kwa hiyo pandisha michoro. Tekscha, resolusheni na ulaini wa kingo za vitu huielemea kadi, si prosesa, na fremu hazitashuka mpaka kadi nayo ifike mwisho wake. Kinyume chake, vitu kama idadi ya watu mtaani na umbali wa kuona huielemea prosesa. Hivyo ndivyo vya kushusha. Usitegemee ukuzaji wa picha wa DLSS (ya NVIDIA) au FSR (ya AMD) ukuokoe hapa. Zote mbili hupunguza kazi ya kadi kwa kuchora picha ndogo na kuikuza, kwa mfano 1280 kwa 720 ndani ya skrini ya 1080 kwenye kiwango cha Quality. Ukiipunguzia kazi kadi ambayo tayari haina kazi, hupati kitu.

Na kama una ubao wa AMD wa soketi (tundu la prosesa) AM4, soma ukurasa wa mtengenezaji wake kabla ya kufikiria kununua kila kitu upya. Mbao nyingi za AM4, hata zilizokuwa na Ryzen ya kizazi cha kwanza, hukubali Ryzen 5000 baada ya kupandishiwa BIOS. Unabadilisha prosesa peke yake, ubao na RAM vinabaki.

Hatua ya 5: Draiva

Ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA, au kinyume chake, mabaki ya draiva ya zamani huweza kuvuruga. Hata ndani ya kampuni moja, kusafisha kunafaa mambo yakigoma. Fanya hivi:

1. Pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, NVIDIA, AMD au Intel, na uiweke mezani bila kuifungua.
2. Pakua Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU.
3. Kata intaneti. Usipokata, Windows Update itawahi kuweka draiva yake wakati wewe bado unasafisha.
4. Shikilia Shift ukibonyeza Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, bonyeza Restart, kisha 4 ili uingie Safe Mode.
5. Endesha DDU, chagua kampuni ya kadi ya zamani, chagua kusafisha na kuwasha upya. Rudia kwa kampuni ya kadi mpya kama nayo imeshawekwa.
6. Weka draiva uliyopakua, washa upya, ndipo urudishe intaneti.

Hapa kuna mtego unaowakamata wengi. Baada ya kadi mpya au draiva mpya, magemu hutengeneza upya sheda zake, yaani maelekezo madogo ya namna kadi hii hasa itakavyochora mwanga, ngozi, maji na moshi. Zile zilizohifadhiwa kwa kadi ya zamani hazifai tena. Ndiyo maana mara ya kwanza unapofika mahali, gemu hushtuka, na mara ya pili linapita laini. Kama gemu linaonyesha mstari wa kuandaa sheda mwanzoni, liache limalize hata likichukua dakika kumi. Wala usihukumu kadi kwa nusu saa ya kwanza. Pita njia yako ya majaribio mara mbili, uandike namba za mara ya pili.

Hatua ya 6: BIOS na Resizable BAR

Resizable BAR huiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja badala ya kuichungulia kwa vipande vya megabaiti 256. AMD huiita Smart Access Memory. Kwa kadi za NVIDIA na AMD faida hutofautiana gemu kwa gemu, mara nyingi ni ndogo. Kwa kadi za Intel Arc ni suala la kufa na kupona: bila hiyo hushuka vibaya, na Intel wenyewe wanakutaka uiwashe.

Ndani ya BIOS, washa Above 4G Decoding, kisha Resizable BAR, na uzime CSM, ile hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani. Angalizo moja kabla ya kuzima CSM: diski yenye Windows lazima iwe ya mpangilio mpya wa GPT. Ikiwa ni MBR, mpangilio wa zamani, kompyuta haitapata pa kuanzia na utaona skrini tupu. Bonyeza kulia kwenye Start, fungua Disk Management, ingia kwenye sifa za diski, kisha Volumes, usome mpangilio wake. Windows ina amri iitwayo mbr2gpt ya kuubadilisha, lakini weka nakala ya mafaili yako kwanza.

Hatua ya 7: Kadi inapobanwa yenyewe

Sasa tuseme matumizi yanasoma 98 na fremu bado ni haba. Fungua mipangilio ya gemu. Magemu mengi yakiona kadi mpya hujipandishia kila kitu hadi juu, pamoja na ray tracing (uchoraji mzito wa miale ya mwanga), na wewe unalinganisha fremu za leo na za jana kana kwamba picha ni ileile. Rudisha mipangilio ya jana, upime tena.

Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayofuata. Kadi ya gigabaiti 8 ikijazwa tekscha za kiwango cha juu kabisa, ziada hukaa kwenye RAM ya kompyuta na kuvutwa kupitia sloti kila inapohitajika. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri huku grafu ya muda wa fremu ikitoa miiba mirefu, na mkono wako unahisi gemu linanata. Shusha tekscha ngazi moja. Kwa macho hutaona tofauti kubwa, kwa mkono utaiona mara moja.

Kisha soma GPU-Z ukurasa wa Sensors wakati gemu linaendelea. Kwa kadi za NVIDIA kuna mstari wa PerfCap Reason: *Pwr* maana yake kadi imefika kikomo cha umeme, *Thrm* imefika kikomo cha joto. Pwr ni kawaida kwa kadi inayofanya kazi kwa nguvu zote. Thrm si kawaida. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujishusha karibu na nyuzi 83. Kwa kadi za karibuni za AMD, sehemu yenye joto zaidi ndani ya chipu inaruhusiwa kufika 110, kwa hiyo ukiona 95 pale usihangaike. Feni zikizunguka kwa kelele na joto bado liko juu, angalia kama ile karatasi ya plastiki ya kiwandani haijabaki kwenye kadi. Kadi fulani pia zina kiswichi kidogo ubavuni cha kuchagua hali ya kimya au ya kasi. Hakikisha kiko unapopataka.

Kompyuta ikizima ghafla na kuwaka yenyewe katikati ya vita, usiitafute draiva. Hiyo kwa kawaida ni pawa saplai kushindwa kumudu mruko wa umeme wa ghafla, hasa iliyozeeka. Kujiridhisha, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwenye Afterburner na ucheze saa nzima. Kuzimika kukikoma, umeshajua cha kubadilisha.

Ukifika hapa na bado

Endesha 3DMark Time Spy, jaribio la kupima kadi ambalo lina toleo la bure, na ulinganishe alama ya michoro peke yake na za watu wenye kadi kama yako. Tofauti ya asilimia tano hadi kumi ni ya kawaida, hutokana na joto na toleo la kadi. Ikiwa nusu, basi shuku kadi. Kama ilinunuliwa mkononi mwa mtu, tazama jina lake ndani ya GPU-Z: neno FAKE likitangulia jina, hiyo ni kadi ya zamani iliyoandikwa upya ili ijitambulishe kama kubwa, na hakuna draiva itakayoifufua.

Jaribio la mwisho ni kuifunga kwenye kompyuta ya rafiki yenye pawa saplai ya kutosha. Ikienda vizuri kwake, rudi hatua ya 4 kwa utulivu, maana tatizo liko nyumbani. Ikisumbua na kwake pia, piga picha skrini ya GPU-Z wakati wa kazi, alama ya Time Spy, na namba ya kadi iliyobandikwa mgongoni. Andika toleo la draiva na majaribio yote mawili, kwako na kwa rafiki, kwa tarehe. Irudishe ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kwenye boksi lake, kabla muda wa dhamana haujaisha. Muuzaji atakapokuambia ujaribu kwanza kufuta draiva, mwonyeshe karatasi yako.